Mvinyo wa Kiangazi: Zabibu za Dodoma na Chakula Kinachozifaa

Mtu anaponiletea chupa ya mvinyo wa Dodoma, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni mwezi ambao zabibu zake zilivunwa. Rangi, aina na picha iliyo kwenye lebo nitaziangalia baadaye. Kwa mvinyo wa Italia au Ufaransa swali hilo lisingekuwa na uzito, kwa sababu huko mzabibu huzaa mara moja tu kwa mwaka na mavuno huangukia kwenye miezi ile ile inayojulikana na kila mtu. Dodoma mzabibu huzaa mara mbili. Kuna mavuno ya Februari na Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, na kuna mavuno ya Agosti na Septemba, ardhi ikiwa imekauka na upepo ukivuma kutwa nzima. Shamba lile lile, likilimwa na mkulima yule yule kwa mizabibu ile ile, hutoa mivinyo miwili isiyofanana hata kidogo. Karibu kila kitu ninachokipenda katika mvinyo wa Dodoma kimetokana na mavuno ya kiangazi, na sehemu kubwa ya lawama ambazo mvinyo huo hutupiwa mezani zilistahili kuelekezwa kwenye mavuno ya mvua.

Sababu ya mavuno mawili ni rahisi kuieleza. Dodoma iko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwenye uwanda wa juu wenye kimo cha takribani mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Katika nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani, hulala miezi kadhaa, kisha huamka majira ya joto yanapoanza. Dodoma hakuna baridi ya kiwango hicho, kwa hiyo anayeupangia mzabibu ratiba yake ni mkulima mwenyewe, kwa mkasi wa kupogolea. Akipogoa mwishoni mwa mvua, Aprili au Mei, macho ya mti huchipua, maua hutoka, na baada ya takribani miezi minne vichala huwa tayari kuvunwa. Akipogoa tena Oktoba au Novemba, hesabu ile ile humfikisha Februari au Machi. Maeneo ya dunia yanayolima zabibu za mvinyo kwa namna hii si mengi. Linalotajwa sana ni bonde la mto São Francisco kaskazini mashariki mwa Brazili, ambako pia joto halikatiki na mkasi ndio unaoamua msimu.

Tatizo la mavuno ya mwanzoni mwa mwaka ni maji kuwa mengi kwa wakati usiofaa. Dodoma haipati mvua kubwa, kwani kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, lakini karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, yaani wakati ule ule ambao zabibu hizi zinajaa na kuiva. Tunda hunyonya maji, sukari yake huwa hafifu, na unyevu huleta magonjwa ya ukungu ambayo wakulima wa huko huyataja kila siku: ubwiri unga, unaofunika majani na punje kwa vumbi jeupe, na ubwiri vinyoya, unaoota upande wa chini wa jani. Mkulima hunyunyizia dawa mara kwa mara, na akiona kichala kinaanza kuoza huvuna mapema kuliko alivyokusudia, ili asipoteze vyote. Zabibu za namna hiyo zikifika kiwandani zinampa mtengenezaji kazi ngumu, na mara nyingi njia ya mkato ni kuongeza sukari na kutoa mvinyo mtamu, ambao utamu wake hufunika upungufu wa tunda.

Mavuno ya kiangazi yana shida yake pia, na shida hiyo ni fedha. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni kama haipo, kwa hiyo mwenye kuvuna vizuri mwezi wa Agosti ni yule mwenye kisima, au aliye karibu na bwawa, au aliyeweka mabomba ya umwagiliaji wa matone kama yale ya shamba la pamoja la Chinangali, wilayani Chamwino. Wengine hutegemea unyevu uliobaki ardhini na hupata vichala vidogo. Hata hivyo vichala hivyo vidogo vina sukari ya kutosha, maganda yake ni mazito, na kwa kuwa usiku wa Juni na Julai Dodoma una baridi ya kumfanya mtu atafute koti, uchachu wa tunda haupotei wote katika joto la mchana. Kwa anayetengeneza mvinyo mkavu, yaani usiobaki na sukari, hilo ndilo tunda analolihitaji.

Historia ya zao hili nitaipitia haraka, kwa kuwa imesimuliwa mara nyingi. Mizabibu ilipandwa na wamisionari Wakatoliki, na jina linalotajwa kila mara ni Bihawana, misheni iliyo kando ya barabara ya Iringa, ambako mapadre walihitaji divai ya misa na wakagundua kuwa udongo mwekundu wa kichanga wa Ugogoni unaikubali mizabibu. Baadaye serikali iliingia, ikawa na kiwanda chake kilichojulikana kwa kifupi kama DOWICO, na ikaanzisha kituo cha utafiti wa zabibu huko Makutupora, kaskazini mwa mji, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda cha Cetawico kilichoanzishwa na Waitaliano kilianza kazi Hombolo, na pamoja nacho ikaja mizabibu ambayo mtu asingetegemea kuikuta Tanzania, kama Aglianico ya kusini mwa Italia. Siku hizi ukifuata barabara ya Iringa kupita Bihawana hadi Mpunguzi, au ukielekea Hombolo, unakuta pia viwanda vidogo vya watu binafsi na vya vikundi, vingine vikiwa ni nyumba ya vyumba vitatu yenye matangi nyuma yake. Hivyo vidogo ndivyo vinavyonivutia zaidi.

Kimoja ninachokifahamu vizuri kiko upande huo wa barabara ya Iringa, na kinaendeshwa na mwanamke wa makamo ambaye wafanyakazi wake wote humwita Mama, nami nikafuata desturi hiyo. Mashine ya kusaga ni moja, kikamulio ni kimoja, na matangi ni mchanganyiko wa chuma cha pua na plastiki. Zabibu hukatwa alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, kwa sababu tunda lililovunwa saa saba mchana huingia kwenye tangi likiwa na joto lililokwisha kupita kiwango. Kabla ya kuvuna, Mama huzunguka shambani na kifaa kidogo cha kupimia sukari, akikamulia tone moja la juisi juu ya kioo chake na kukielekeza kwenye mwanga. Akisoma nyuzi 22 za Briksi anajua kuwa, hamira ikila sukari yote, atapata mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 hadi 13, na hatakuwa na haja ya kuongeza chochote. Akisoma 17, kama inavyotokea Machi, hukunja uso.

Joto ndilo adui mkuu wa kiwanda kidogo cha Dodoma. Hamira inapokula sukari hutoa joto lake yenyewe, na tangi lililoachwa bila uangalizi linaweza kupanda hadi kiwango ambacho hamira huchoka na kufa kabla ya kumaliza kazi. Matokeo yake ni mvinyo uliobaki na sukari nusu, ambao bakteria huugeukia na kuupa harufu ya siki. Mvinyo mweupe unataka kuchachuka kwa nyuzi 14 hadi 18 za Selsiasi ili harufu zake za matunda zisipotee, na mwekundu hauna raha ukipita nyuzi 30. Viwanda vikubwa vina matangi yenye ngozi mbili yanayozungushiwa maji baridi. Mama ana chumba kimoja chenye kiyoyozi kwa ajili ya mvinyo mweupe, na kwa mwekundu hufunika matangi kwa magunia yanayomwagiwa maji, ili upepo wa Agosti uyapoze. Maganda ya zabibu nyekundu hupanda juu na kufanya tabaka zito, na mara tatu kwa siku kijana hupanda ngazi na kuyazamisha kwa mti mrefu, kwa sababu rangi na tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, ziko kwenye maganda na juisi isipoyagusa hubaki hafifu.

Sehemu ya kile kinachotoka kwenye kiwanda kama hicho haifiki kwenye chupa. Huuzwa kwa jumla kama mchuzi wa zabibu, ndani ya matangi ya plastiki, kwa viwanda vikubwa vinavyouchanganya na kuutia lebo yao. Biashara hiyo humsaidia mwenye kiwanda kidogo, kwa maana chupa, vizibo na lebo ni gharama kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na pia humsaidia mkulima, kwa kuwa zabibu iliyokatwa haiwezi kungoja mnunuzi. Isiposindikwa ndani ya siku moja au mbili inaanza kuchachuka yenyewe kwenye kreti. Kodi nayo ina nafasi yake. Ushuru wa bidhaa nchini Tanzania huutenga mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani na kuutoza kidogo kuliko mwingine, na bila unafuu huo sidhani kama nyumba za vyumba vitatu zingekuwapo.

Sasa niseme juu ya mivinyo yenyewe, nikianza na mweupe.

Mizabibu myeupe inayotegemewa ni Chenin Blanc, ambayo wakulima huiita tu Chenin, aina yenye asili yake katika bonde la Loire huko Ufaransa na iliyoenea sana Afrika Kusini. Sifa yake kubwa kwa mahali kama Dodoma ni ukaidi: tunda lake hushikilia uchachu hata jua likiwa kali, wakati aina nyingine nyingi nyeupe zingekuwa zimepoa na kulegea. Chenin kavu ya mavuno ya Agosti, ikiwa changa na imepozwa vizuri, hunipa harufu ya tufaa la kijani na ya nanasi ambalo halijaiva sana, na mwishoni huacha uchachu unaofanya mate yatoke. Isiwekwe miaka. Niliyoinywa ikiwa na umri wa mwaka mmoja imekuwa bora kuliko ile iliyokaa dukani miaka mitatu, ambayo rangi yake ilikuwa imeelekea kwenye dhahabu iliyochoka.

Nyekundu ya nyumbani ni Makutupora, iliyopewa jina la kituo kile cha utafiti. Wakulima wanaipenda kwa sababu inazaa sana na inavumilia magonjwa na ukame kuliko aina za Ulaya, na kwa muda mrefu sifa hizo mbili zimeifanya itendewe kama zabibu ya kujazia matangi tu. Nadhani inaonewa. Mzabibu ulioachwa ubebe vichala bila hesabu hutoa mvinyo mwepesi usio na la kusema, lakini mkulima akipunguza vichala na kuvuna kiangazi, Makutupora kavu inakuwa na rangi ya kina, harufu ya zambarau, tanini laini, na uchachu unaotosha kuibeba hadi mezani. Haina uzito wala utata wa Syrah nzuri, zabibu nyekundu nyingine ya Dodoma. Ni mvinyo wa kunywea chakula, na mimi siioni hiyo kuwa sifa ndogo.

Syrah nayo inalimwa, kwa kiasi kidogo zaidi, na inahitaji mkono mwangalifu. Ikitokea vizuri ina harufu ya pilipili manga ambayo si ya kufikirika: zabibu za Syrah zina kemikali iitwayo rotundoni, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayoipa pilipili manga harufu yake. Nitarudi kwenye jambo hilo nikifika kwenye pilau. Kuna Cabernet Sauvignon pia, lakini zile nilizoonja hazijanishawishi, na sitaki kupoteza nafasi kwa mvinyo ambao nisingeununua mara ya pili.

Halafu ipo ile mitamu, mekundu kwa meupe, ambayo ndiyo watu wengi wanamaanisha wanaposema mvinyo wa Dodoma, na ambayo hunywewa zaidi kwenye harusi, kipaimara na sherehe za kuhitimu. Siidharau. Kinachonikera ni kwamba huwekwa mezani pamoja na vyakula visivyoifaa, kisha mtu anaondoka akiamini kuwa mvinyo na chakula chetu havipatani.

Kabla ya chakula kuna suala la ubaridi, na hapa ndipo mikahawa mingi inapoharibu kazi ya miezi. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya ambazo chumba chake kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari kina nyuzi 30 au zaidi, na kwa joto hilo kilevi hupanda puani, tunda hupotea na mvinyo unaonekana kama dawa. Makutupora nzuri iwekwe kwenye friji kiasi cha nusu saa kabla ya kufunguliwa, na Syrah kidogo pungufu ya hapo. Chenin inataka saa mbili au tatu kwenye friji, lakini si kwenye jokofu la barafu, kwa kuwa ikigandishwa harufu zake hunyamaza. Mhudumu akikuletea chupa nyekundu yenye joto, mwombe ndoo yenye maji na barafu bila kuona haya.

Chakula ninachokianza nacho daima ni mbuzi choma, kwa sababu ndicho kinachoonyesha Makutupora kavu ni kitu gani. Mafuta ya mbuzi na protini za nyama hushikana na tanini, kwa hiyo mvinyo ambao peke yake ulikuwa unakausha ulimi kidogo hulainika, na nyama ambayo ilikuwa imeanza kukinaisha kwa mafuta inapata uchachu wa kuisafisha. Masharti ni mawili: nyama iwe na chumvi ya kutosha, na pilipili iwekwe kando. Pilipili kali na tanini haviko upande mmoja. Kilevi huongeza ule moto mdomoni, na mvinyo mwekundu hugeuka mchungu. Mtu asiyeweza kula nyama choma bila pilipili ya kutoa machozi, na najua wengi wa namna hiyo, ataona raha zaidi na mvinyo mweupe wenye utamu kidogo, uliopozwa sana, kwa sababu sukari huutuliza ule moto.

Kachumbari inayoletwa pamoja na nyama hubadilisha hesabu tena. Nyanya mbichi na ndimu ni vichachu kuliko Makutupora, na kanuni ambayo haijawahi kuniangusha ni kwamba chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo huonekana bapa. Ninachofanya ni kula kachumbari kidogo, au kuagiza Chenin badala yake kwa meza nzima. Vivyo hivyo kwa rosti ya ng'ombe yenye nyanya nyingi: nyanya zilizopikwa muda mrefu hadi mafuta yakaelea zimepunguza ukali na zinaweza kwenda na nyekundu, lakini mchuzi wa nyanya wa haraka haraka huua mvinyo laini bila huruma.

Pilau ya nyama ndipo Syrah inapopata nyumba. Pilipili manga iliyo ndani ya sufuria inakutana na ile harufu ya pilipili manga iliyo ndani ya glasi, na bizari nyembamba, karafuu na mdalasini huuvuta mvinyo kuelekea upande wa viungo zaidi ya matunda. Pilau isiwe na mkono mzito wa karafuu, maana karafuu hutia ganzi na hapo hakuna mvinyo utakaosikika. Najua fika kuwa pilau bora nchini hupikwa katika nyumba ambazo mvinyo hauingii, nami nikialikwa huko nakunywa juisi ya ukwaju na kushukuru. Jambo hili nalifanya kwangu, kwa pilau ninayoipika mwenyewe.

Samaki wa maji baridi hawakosekani Dodoma, kwa sababu bwawa la Mtera liko kwenye barabara hiyo hiyo ya Iringa, na Hombolo nako kuna bwawa. Perege wa kukaanga aliyekauka vizuri nje, akikamuliwa limau, ni chakula cha Chenin kavu pasipo shaka yoyote. Ukimtia huyo huyo nazi, kama wapikavyo watu wa pwani, Chenin bado inafaa, kwa kuwa uchachu wake hukata uzito wa tui. Ninachoonya ni mvinyo mwekundu na samaki wenye mafuta, na hasa dagaa. Madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuacha ladha ya chuma na ya samaki aliyelala, hata kama dagaa walikuwa wabichi asubuhi hiyo. Watu huwalaumu dagaa bure.

Kuku wa kienyeji ana ngozi nyembamba na nyama ngumu yenye ladha nyingi, na akichomwa taratibu anaweza kwenda na rangi zote mbili. Mimi hupendelea Chenin akiwa wa kuchoma, na Makutupora akiwa wa mchuzi wa karanga. Karanga ni zao la mkoa huu huu, na mchuzi wake mzito wenye chumvi una namna ya kuupa mvinyo mwepesi mwili ambao haukuwa nao. Kitimoto rosti, kwa wanaoila, ina mafuta mengi, vitunguu vilivyokaribia kuungua na mara nyingi pilipili, na hapo ndipo nautoa kabatini mvinyo mweupe wenye utamu wa wastani bila kuona kuwa nimejishusha hadhi.

Mlenda umenishinda. Nimeujaribu na Chenin, na nyekundu, na tamu, ukiwa umepikwa kwa karanga na ukiwa mtupu, pamoja na ugali wa uwele kama unavyoliwa Ugogoni, na kila mara ule utelezi umeufunika ulimi kiasi kwamba mvinyo unapita juu bila kugusa chochote. Chakula hicho kinajitosheleza. Wanaokila kila siku hunywa maji au maziwa ya mgando, na sioni sababu ya kuwafundisha vingine.

Mvinyo mtamu, hatimaye, una kanuni moja tu inayouokoa: usiwe na utamu pungufu ya chakula. Keki ya harusi yenye sukari ya unga juu yake ni tamu kuliko mvinyo wowote, na ndiyo maana mvinyo unaonyweshwa nayo huonekana mchachu na mwembamba. Jaribu badala yake mvinyo mwekundu mtamu, uliopozwa, na korosho za chumvi au karanga zilizokaangwa ganda lake likiwa bado lina rangi. Chumvi huamsha tunda, sukari hutulia, na kitu kilichokuwa kikinywewa kwa uvumilivu kinakuwa na ladha. Ukitaka kitamu cha kweli pembeni yake, kiwe kile kisichozidisha sukari, kama vipande vya nanasi au mkate wa ufuta.

Kuhusu kununua, nafasi nzuri ni kwenye kiwanda chenyewe, kwa sababu chupa haijakaa dirishani pa duka ikichomwa na jua, na kwa sababu unaweza kumuuliza aliyeutengeneza. Mavuno ya Agosti huwa bado yanatulia kwenye matangi mwezi wa Novemba. Meupe huanza kupatikana mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na mekundu baadaye. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya kutoka Dar es Salaam imekuwa ya saa chache, na chupa sita ndani ya boksi, zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi ngumu na kuwekwa chini ya kiti badala ya kwenye rafu ya juu, hufika salama. Zikifika, ziache zipumzike siku mbili mahali penye giza kabla ya kufungua, na chupa iliyofunguliwa irudishwe kwenye friji ikiwa imezibwa. Nyekundu itavumilia siku tatu, na Chenin ni vyema imalizwe kesho yake mchana, na perege.